Layeti maana yake nini?



Hapa kwetu Mashamba, mama akikaribia kuzaa, watu wanamuuliza: «Layeti iko tayari?» Kama hana layeti mpya, ya kununua, anasikia haya. Wengine wanachelewa kwenda materinite kwa sababu ya haya hiyo tu. Sisi tunaona kwamba neno lenyewe halina kosa, ni sisi tunalitumia vibaya.

Layeti ni Kifaransa, layette. Wafaransa wa zamani walikuwa na neno laie, ni kusema sanduku. Layette ni kisanduku, ama ile droo ambayo watu wa pwani wanaiita mtoto wa meza (jina zuri, sivyo?). Ndani yake waliweka nguo za mtoto atakayezaliwa, na kidogo kidogo jina la kisanduku likapita kwa nguo zenyewe. Basi jina halisemi kama nguo ni za duka ama ni za dada mkubwa. Linasema zimewekwa tayari, njo vile tu.

Kwetu lilifika na Wabeleji. Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilitaka wafanyakazi wakae kambini pamoja na bibi na watoto. Zikaja materinite, na kupima watoto uzito, na maneno yake: layeti, kushi. Hii kushi ni couche, kutoka coucher, kulaza.

Wenzetu wa Kenya na Tanzania wanasema nepi, na wengine kati yetu wanafikiri hicho ndicho Kiswahili safi. Hapana! Nepi ni nappy ya Waingereza, neno lililokatwa kwa napkin, na napkin imetoka kwa nappe, kitambaa cha meza cha Wafaransa hao hao. Kiswahili chenyewe kilikuwa na winda, kitambaa kinachopita katikati ya miguu na kufungwa kiunoni. Nani kati yetu analisema leo?

Halafu kuna kikwembe. Kule Tanzania vikwembe ni nguo kuukuu, karibu matambara. Kwetu bikwembe ni heshima ya mama: anakivaa kwenda ibada, anakibebea mutoto, na kikichoka anakikata kushi.

Kwa hiyo, dada na kaka, mama wa jirani akifika na bikwembe viwili vilivyofuliwa na kukunjwa vizuri, musiseme «hana layeti». Anayo. Mumuulize jambo lingine: vimepigwa pasi? Maana kuna inzi anayetaga mayai katika nguo mbichi iliyoanikwa inje, na funza wake wanaingia katika ngozi ya mutoto. Moto wa pasi unawaua. Na zile nguo za duka, zikishafuliwa na kuanikwa, zipigwe pasi vilevile.