Samaki wa mawe ndani ya kioo

Wiki hii tunazungumza juu ya samaki wadogo wa rangi wanaokaa kwenye mawe ya ziwa letu. Huko Ulaya na Marekani watu wanawafuga nyumbani, ndani ya sanduku la kioo. Kwa rangi zao, mtu anaweza kuwadhania ni wa bahari akawatilia chumvi. Asifanye hivyo. Maji ya Tanganyika si ya chumvi, bali yana madini mengi. Ndiyo maana wafugaji wa kule huweka mawe ya chokaa, kama yale yanayotengenezewa simenti hapa Kabimba.

Watoto wenu wakitaka kufuga, wachote maji ya ziwa lenyewe, waweke mawe ya kujifichia, na kila wiki wabadilishe robo tu ya maji. Beseni la kufulia halifai, sabuni inaua. Wale wanaokula utelezi wa kijani wa mawe wasipewe nyama. Tumbo huvimba wakafa.

Tena watazame mdomo. Jike la Tropheus hubeba mayai na watoto mdomoni karibu mwezi mzima. Mkimwona kidevu kimejaa, mrudisheni pale pale alipotolewa, maana mmemchukua mama pamoja na wanawe. Jamaa zao ziwani ni aina zaidi ya 200, na karibu zote hazipatikani pengine duniani.

Na sisi tunaofua ufukoni, maji ya sabuni tuyamwage mbali na mawe.