Mafua ya Vumbi na Maziwa ya Mama

Kiangazi kinapokomaa, toka Shinyanga mjini hadi Kahama na Geita, vumbi huingia kila nyumba. Jirani na makarasha yasagayo mawe ya dhahabu hali huwa nzito zaidi, na si ajabu kumwona mama mwenye mtoto mgongoni, pua zimeziba, akisimama dirishani pa duka la dawa kuomba kidonge cha mafua. Aghalabu muuzaji hamuulizi kama ananyonyesha, wala mama mwenyewe hasemi.

Baadhi ya vidonge hivyo vina sudoefedrini, dawa inayobana mishipa midogo ya damu puani ili njia ya hewa ifunguke. Kiasi kiingiacho katika maziwa ni kidogo, ingawa watoto wengine hulialia na kukosa usingizi. Tatizo kubwa liko kwingine. Mwaka 2003 watafiti wa Australia walieleza jinsi walivyowapa akina mama 8 kidonge kimoja tu cha miligramu 60: maziwa yao yalipungua kwa wastani wa asilimia 24 katika siku hiyo.

Hebu tulitafakari hilo, ndugu msomaji. Mtoto analia kwa njaa, majirani wananong'ona kuwa maziwa ya mama huyu ni mepesi, na bibi, kwa huruma yake, anamkorogea uji mtoto wa miezi miwili, ambaye hakupaswa kuonja chochote ila maziwa ya mama hadi atimize miezi sita. Kisa ni kidonge cha mafua!

Yafaa nini basi? Kwanza maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai katika robo lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, mama asafishie pua zake. Yasipotosha, yapo matone ya puani yenye oksimetazolini, ambayo huingia mwilini kwa uchache sana. Lakini yasizidi siku tatu, kwani pua huyazoea ikaziba upya. Dawa ya kikohozi yenye kodeini aiepuke kabisa, maana yaweza kumlegeza mtoto hata pumzi.

Mabwana nao, ambao mara nyingi ndio watumwao dukani, waseme waziwazi kuwa dawa ni ya mama anayenyonyesha. Na kikohozi kikipita wiki mbili, fedha ya dawa iwe nauli ya zahanati, makohozi yakapimwe kifua kikuu, ugonjwa unaowaandama sana wachimbaji na jamaa zao.