Kabla ya kutaka video yako isambae, uliza nani hatalala

Mwezi wa 11 mwaka 2024, mtaani Kadutu mjini Bukavu, vijana sita walikuwa wameanza kutengeneza juisi ya marakuja. Chupa zilikuwa nzuri, etiketi nzuri, na bei ilikuwa ya kumfaa hata mwanafunzi. Kilichokosekana ni makuta ya matangazo. Basi wakaamua kufanya "buzi", kama wanavyolitamka neno lile la Wazungu. Mimi kila nikilisikia nafikiria mbuzi aliyekata kamba sokoni, na siku ile sikuwa mbali na ukweli.

Waliniita niwape mawazo kwa kuwa nimewahi kufanya kazi ya redio. Nilipofika jioni, ujumbe ulikuwa umekwisha kutoka. Ilikuwa sauti ya sekunde nane kwenye WhatsApp, kijana mmoja anasema kwa sauti nzito: "Jitayarisheni. Jumamosi wanaingia Bukavu." Jina halikutajwa, wala juisi. Walikuwa wamejifunza pahali fulani kwamba tangazo zuri linaanza na kitendawili, na jibu linakuja siku ya tatu watu wakiwa na hamu. Waliokuwa "wanaingia" ni chupa za ladha tatu: marakuja, nanasi na tangawizi.

Msomaji wa Uvira, Beni, Goma ao Bunia hahitaji nimweleze yaliyofuata. Kabla ya saa mbili za usiku, sauti ile ilikuwa imefika kwenye kundi la wazazi wa shule, kundi la kwaya na kundi la mama wauza samaki. Mama mmoja jirani akampigia simu dada ya mmoja wa vijana: "Yaya, watoto niwapeleke Walungu usiku huu, ao ningoje kuche?" Vijana wakafuta ujumbe wao mbiombio. Lakini ukifuta ujumbe wako, nakala ambazo wengine wamekwisha kuzituma mbele hazifutiki. Ile sauti iliendelea kutembea peke yake siku mbili nzima.

Sitaji jina la kikundi, maana hawakuwa na nia mbaya na waliomba radhi. Lakini tangu siku ile nina neno moja na vijana wetu wa mashariki ya Kongo wanaoniuliza kila mara namna ya kufanya kitu kisambae, wawe wanauza sabuni, wanatafuta wanafunzi wa kituo cha kompyuta, ao wanatetea amani. Kitu kusambaa si bahati tu, kinapangwa. Na kwetu hapa, mpango usioanza na swali la nani atakipokea kitu hicho na kitamfanya nini, haujawa mpango.

Mfano mkubwa kuliko yote unatuhusu, hata kama wengi wetu tumeusahau. Tarehe 5 mwezi wa 3 mwaka 2012, shirika la Marekani linaloitwa Invisible Children lilitoa filamu ya nusu saa kwenye intaneti, Kony 2012, juu ya Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA. Ndani ya siku sita ilikuwa imetazamwa mara milioni 100. Walioitazama walidhani ni muujiza. Hapana. Watu wale walikuwa wametembelea mashule na makanisa ya Marekani kwa miaka mingi, wakionyesha filamu zao na kuacha nyuma yao vikundi vya vijana. Siku filamu ilipotoka, vijana hao ndio walioisukuma kwa pamoja. Tena walikuwa wamechagua watu mashuhuri 20 na wanasiasa 12, na kila mtazamaji aliombwa awaandikie hao hao. Palikuwa na mfuko wa vifaa wa dola 30, wenye bangili na mabango. Palikuwa na siku iliyopangwa pia, tarehe 20 mwezi wa 4, ambapo miji yote ingefunikwa na picha ya Kony usiku mmoja.

Kwa upande wa ufundi, nawavulia kofia. Kijana wa kituo chochote cha biashara angejifunza hapo kwamba watu wa kwanza kusukuma wanatayarishwa mapema, kwamba kila mtu anapewa jambo moja dogo la kufanya, na kwamba adui ama bidhaa inakuwa na sura moja na jina moja.

Lakini Kony alikuwa wapi mwaka huo? Kaskazini mwa Uganda, ambako filamu inaanzia, palikuwa pametulia miaka kadhaa. LRA walikuwa wamevuka, wakajificha katika Hifadhi ya Garamba, wakaua kwetu. Mamia ya watu waliuawa Haut-Uélé wakati wa Noeli ya mwaka 2008, huko Faradje na Doruma. Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa 12 wa 2009, zaidi ya watu 300 waliuawa eneo la Makombo. Dunia nzima ilikuwa inavaa bangili, na mkaaji wa Dungu alikuwa karibu haonekani ndani ya hadithi. Hata huko Uganda, filamu ilipoonyeshwa mjini Lira mbele ya watu waliopatwa na mabaya yenyewe, walikasirika mpaka mawe yakarushwa. Waliona jina la aliyewatesa limechapishwa kwenye bangili na fulana kama la mwimbaji. Tarehe 20 ilipofika, waliojitokeza mabarabarani Marekani walikuwa wachache. Na Kony mwenyewe hakukamatwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia "tumepata watazamaji elfu hamsini", namuuliza: kisha? Walifanya nini kesho yake? Na yule uliyemtaja aliulizwa?

Kuna upande mwingine, na huo unanifurahisha. Tarehe 7 mwezi wa 2 mwaka 2024, mjini Abidjan, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire, wachezaji wa Leopards walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja ukifunika mdomo, vidole viwili vya mkono mwingine vikielekezwa kwenye kichwa kama bunduki. Tulipoteza mchezo ule 1-0. Lakini ile ishara ilizunguka dunia, na watoto wa hapa waliirudia mbele ya kila simu iliyowaelekea. Haikuhitaji tafsiri, wala mega, wala mfuko wa dola 30. Mtu asiyejua Kiswahili, Kifaransa wala Lingala aliielewa: tunauawa, na watu wamefunga mdomo. Na walioifanya walikuwa wanasema jambo la kwao wenyewe. Hapo ndipo inapotofautiana na filamu ya nusu saa. Hakuna mama wa Rutshuru aliyesema wamemtumia.

Wengine watanijibu kwamba hiyo ni siasa, na juisi ni juisi. Si kweli, ufundi ni uleule. Mwaka 2014 Wamarekani walijimwagia ndoo ya maji ya barafu juu ya ugonjwa wa neva unaoitwa ALS. Kila aliyejimwagia aliwataja wengine kwa majina na kuwapa saa 24. Hiyo ndiyo iliyokuwa injini yake, jina lako kutajwa mbele ya watu. Shirika la wagonjwa hao lilipata dola milioni 115 katika majuma machache. Ni kazi nzuri. Lakini nimekwisha kumsikia kijana wa Goma akitaka kuiga ndoo ile kwa ajili ya duka la viatu. Maji! Katika mji ambao mama anashindia kwenye robine na mabidoni yake. Angetukanwa kabla video haijaisha, na angestahili.

Inabidi pia kujua njia ambazo kitu kinapitia kwetu. Wengi hawafungui video ya dakika tatu, mega ni ghali na umeme ni wa kubahatisha. Wanafungua sauti fupi. Na WhatsApp yenyewe ina vizuizi: tangu mwaka 2019 ujumbe hautumwi mbele kwa zaidi ya watu ao makundi matano kwa mara moja, na tangu 2020 ule uliozunguka sana unapita kwa mtu mmoja ao kundi moja tu kwa mara moja, ukiwa na alama ya mishale miwili. Watu wetu wameanza kuiogopa mishale hiyo, na wana haki. Sauti ya mtu unayemjua, aliyeirekodi mwenyewe kwa kundi lake, inafika mbali kuliko ile iliyopikwa mara moja na kurushwa kwa wote.

Hilo ndilo tulilolijaribu na vijana wa Kadutu baada ya aibu yao. Kabla ya Noeli walituma picha ya chupa, na jina la kikundi na namba ya simu juu yake, pamoja na swali moja: kwenu marakuja mnaiitaje? Kila mtu ajibu kwa sauti yake, kwa lugha ya mama yake, kisha amtaje jirani mmoja ajibu naye. Basi, usiku ule ule Washi wakaanza kusahihishana kati yao, Warega wakaingia, Wafuliiru wakaingia, Wabembe wakasema wote wanakosea. Muzee mmoja alituma sauti ya dakika nne kueleza tofauti ya marakuja ya mwitu na ile ya shamba. Hakuna aliyefunga virago. Watu walicheka, na waligombana vizuri.

Sasa nikiri kosa letu, maana na mimi nilikuwa ndani. Tulipanga sauti, tulipanga picha, tulipanga hata watu ishirini wa kuanza. Hatukupanga juisi. Zilikuwepo chupa 60. Zilikwisha Jumamosi kabla ya saa sita, na siku tatu zilizofuata simu ililia bila kupumzika, watu wakitaka kitu ambacho hakipo. Wengine walitoka Panzi kwa moto, wakalipa nauli, wakarudi mikono mitupu. Nadhani hao hawakurudi tena. Ingefaa kuanzia mtaa mmoja, chupa 60 kwa mtaa mmoja, kisha kupanda polepole.

Tulisema tutarekebisha mwezi wa 2. Mwezi wa 2 mwaka 2025 mji ukaingia mikononi mwa M23, na kikundi kikatawanyika: wawili wako Bujumbura, mmoja Kalemie, watatu wamebaki. Juma lililopita mmoja wa waliobaki aliniandikia akiuliza kama ni mapema mno kuanza tena. Nilimuuliza ana chupa ngapi.