Tutafute Panapovuja Kwanza: Wito kwa Wenye Magari na Mafundi wa Uyui

Ndugu zangu wa Isikizya, Upuge, Igalula na Loya, nanyi nyote mnaotumia barabara ya Tabora na Nzega: joto la Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, mnalijua. Ndiyo miezi ambayo mafundi wa AC hawapumui, na jibu linalosikika sana ni moja: "Gesi imeisha, tujaze." Mwenye gari analipa, anaondoka akiwa amefurahia ubaridi, na msimu ukirudi naye anarudi kulipa upya. Nawaomba tuachane na desturi hiyo. Kabla ya kujaza, tutafute gesi inatokea wapi.

Gesi ya kiyoyozi haiungui kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa inaikandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta inaipoza hadi iwe kimiminika, kisha inatanuka na kufyonza joto kwenye evaporeta iliyo ndani ya dashibodi, na kurudi kwenye kompresa. Mabomba yakiwa mazima, gesi hukaa miaka mingi. Tairi likipungua upepo kila wiki, hakuna anayeridhika kujaza tu; linavuliwa, linazamishwa majini, na povu linaonyesha msumari ulipo. Kiyoyozi nacho kinastahili uchunguzi huohuo.

Uvujaji wa polepole una dalili zake. Ubaridi hupungua kidogo kidogo kwa miezi. Kompresa huwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache. Lakini tusikimbilie kuhukumu: gari linalopoza likiwa mwendoni na kushindwa likisimama huenda lina feni mbovu, wala si upungufu wa gesi.

Fungua boneti uangalie. Gesi husafiri pamoja na mafuta ya kompresa, kwa hiyo panapovuja mafuta kidogo hutoka pia, na vumbi la barabara zetu hugandia hapo. Doa jeusi lenye mafuta kwenye kiungio ni ushahidi wa kwanza. Anza na kondensa, maana ndiyo inayopigwa kokoto. Kagua viungio vya mabomba na oringi zake, sili ya shafti ya kompresa, na vali za kujazia. Vile vifuniko vidogo vya vali, ambavyo mara nyingi hupotea gereji, vina kazi ya kuzuia gesi isitoke. Virudishwe.

Tundu lisipoonekana kwa macho, pakaa povu la sabuni kwenye viungio. Tundu dogo zaidi linahitaji rangi maalumu inayong'aa kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno, au kifaa cha kunusa gesi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo kifaa kipitishwe upande wa chini wa kila kiungio. Kwa evaporeta isiyofikika, kiwekwe karibu na bomba linalotoa maji chini ya gari.

Pampu ya vakyumu nayo husaidia: geji ikipanda baada ya pampu kuzimwa, kuna hewa inayoingia au unyevu uliobaki ndani. Hata hivyo, matundu mengine hufunguka yanaposukumwa kutoka ndani tu, na hapo ndipo naitrojeni kavu inapohitajika, kwa shinikizo linalofaa. Oksijeni isitumike kamwe, kwa kuwa ikikutana na mafuta inaweza kulipuka.

Kujaza bila kutafuta kuna gharama zaidi ya ile ya gesi. Gesi ikipungua, mafuta hayarudi vizuri kwenye kompresa, nayo huishia kusagika na kusambaza vipande vya chuma kwenye mabomba yote. Tena R-134a, gesi iliyomo katika magari mengi tuliyoagiza Japani, hupasha joto dunia takribani mara 1,430 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi, kwa hesabu ya miaka 100. Nusu kilo ikivuja, ni sawa na kuchoma takribani lita 300 za petroli. Oktoba 2016 mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za jamii hii, na mkutano ulikuwa Kigali, mji unaofikiwa na malori yanayopita Nzega kuelekea Rusumo.

Wenye magari, muulizeni fundi tundu liko wapi, na mlipe kazi ya kulitafuta. Ni kazi halali. Gesi ipimwe kwa gramu kulingana na kibandiko kilicho chini ya boneti. Kataeni gesi ya kupikia, kwani huwaka moto na inaweza kuvujia mlimoketi na watoto.

Mafundi wetu, msiiachie gesi hewani, na vaeni miwani na glavu, maana ikirukia jicho inaweza kulipofusha. Mwandikieni mteja tarehe, gramu mlizojaza na mlichokikuta.

Halmashauri yetu hapa Isikizya, na walimu wa VETA, tusaidieni kupata vifaa vya pamoja: mtungi wa naitrojeni, kifaa cha kunusa na mashine ya kukusanya gesi. Vianze na magari ya wagonjwa. Mama mjamzito anayetolewa Loya kwenda hospitali ya Kitete anahitaji madirisha yafungwe dhidi ya vumbi, na mvua zikija dereva wake anahitaji kioo kisicho na ukungu, kazi ambayo kiyoyozi huifanya kwa kukausha hewa.

Tusingoje Septemba. Wiki hii, gari lako likiwa limepoa kivulini, fungua boneti utafute doa la mafuta. Ukiliona, nenda kwa fundi na umwambie: nizibie hapa kwanza, ndipo ujaze.