Mwongozo wa Tiba Usiomjua Maskini



Wapo wanaosema kwamba mwongozo wa tiba ni jambo la sayansi tupu, na kwamba suala la haki lingoje hadi wataalamu wamalize kazi yao. Hoja hiyo tunaikataa.

Kwa miaka mingi miongozo ya kimataifa ilielekeza kwamba mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu atiwe maji mengi kwa haraka kupitia mshipa. Desturi hiyo ilikuwa imezoeleka katika hospitali zenye vyumba vya wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia. Hatimaye ilipimwa kwa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, katika hospitali zisizo na vifaa hivyo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011: kati ya waliotiwa maji kwa mtindo huo, asilimia 10.5 hivi walifariki katika saa 48. Kati ya wasiotiwa, asilimia 7.3. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliorekebishwa mwaka 2016, miaka mitano baadaye. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tuitazame na Malawi. Mwongozo wa dunia wa mwaka 2010 ulitaka mama mjamzito mwenye virusi vya UKIMWI apimwe kwanza kinga ya mwili, ndipo iamuliwe kama aanze dawa za maisha. Mashine za kipimo hicho zilikuwa haba, hasa vijijini. Mwaka 2011 Malawi iliamua kwamba kila mjamzito na kila anyonyeshaye aliyeambukizwa aanze dawa bila kungoja kipimo. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliuingiza utaratibu huo katika miongozo yake.

Watatuambia kwamba kumfikiria maskini kunashusha ubora wa tiba. Ubora gani huo, ikiwa agizo halitekelezeki katika zahanati, au likitekelezwa linaua?

Basi, kabla mwongozo wowote haujatiwa sahihi, tunadai maswali matatu yajibiwe. Kwanza, ushahidi wake umetoka kwa wagonjwa gani? Pili, nani hataufikia kwa sababu ya umbali, gharama au ukosefu wa vifaa? Tatu, mwuguzi wa kijijini na mgonjwa wake wameketi wapi wakati unaandikwa? Wakiwa nje ya mlango, kazi ya wataalamu haijakwisha.