Afya ya Jamaa: Baka Lisilowasha Wala Kuuma

Mtoto anayejikuna usiku kucha hupelekwa zahanati asubuhi, na askari anayeumwa huomba ruhusa akamwone daktari. Lakini baka lisilowasha wala kuuma huachwa likae hata mwaka mzima. Juma hili twawaomba wasomaji wetu, wa kambini na wa majumbani, walitazame hilo kuliko yote.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu wa Rwanda. Leo wanaishi humo zaidi ya watu laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko. Kama ilivyo katika kambi nyingi za askari, vyumba ni vichache na watoto hulala kitanda kimoja, kwa hiyo maradhi ya ngozi hupita mlango kwa mlango. Mganga hodari hakimbilii kupaka dawa. Huuliza kwanza: je, panawasha, panauma, au hapana hisia?

Panapowasha hasa usiku, katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono na kiunoni, huenda ni upele, uletwao na kidudu kinachochimba ngozi. Wote nyumbani watibiwe siku moja, hata asiyejikuna, kwa maana mwasho huweza kuchelewa wiki 4 hadi 6. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Panapouma, na malengelenge yakashika upande mmoja tu wa mwili, ni mkanda wa jeshi. Virusi vya tetekuwanga vilivyojificha katika mishipa ya fahamu vimeamka. Dawa hufaa zaidi zikianza ndani ya saa 72. Kijana akiupata, apimwe pia VVU, kwa kuwa kinga iliyodhoofika huvipa virusi hivyo nafasi.

Pasipo na hisia, tuogope ukoma. Baka huwa jeupe kuliko ngozi ya kandoni, au jekundu kidogo. Wengi hulidhani choa; lakini choa kwa kawaida huwasha, na kingo zake huwa na magamba. Jaribio ni rahisi. Mgonjwa afumbe macho. Mguse kwa ncha ya pamba penye ngozi nzima, kisha juu ya baka, naye aonyeshe kwa kidole alipoguswa. Asipohisi penye baka, asingoje.

Bakteria wa ukoma, aliyegunduliwa na Hansen wa Norway mwaka 1873, hukua polepole mno. Dalili huchukua miaka 5, pengine 20. Mtu aweza kuambukizwa katika nchi moja na kuugua katika nyingine. Akichelewa, mkono huungua jikoni bila yeye kujua, mguu huchubuka ndani ya buti, vidole hukunjamana. Dawa huua bakteria, lakini haifufui mshipa uliokufa.

Zamani wagonjwa walitengwa. Kuanzia mwaka 1931 Dakta Leonard Sharp aliwaweka katika kisiwa cha Bwama, Ziwa Bunyonyi. Sasa hakuna haja hiyo. Dawa mseto, zinazotolewa bure duniani tangu 1995, humezwa kwa miezi 6 au 12, na punde baada ya kuzianza mgonjwa haambukizi tena. Ale na alale na watu wake.

Wa Nakivale waanzie kituo cha afya cha hapo hapo. Penye mashaka watapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara. Wakati mwingine daktari huchukua majimaji kidogo ya ngozi, kwa mfano kwenye ndewe la sikio, yakatazamwe kwa hadubini.

Wazazi, mnapowaogesha watoto mchana, wageuzeni kwenye mwanga, mwatazame migongo na makalio. Na askari na mkewe watazamane migongo, kwa kuwa hakuna auonaye wake.