Mshipi Mmoja, Bizimu Mbili

Watu wa Machakos hawahitaji kufundishwa thamani ya ng'ombe. Mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipowalazimisha kupunguza mifugo yao, umati wa wanaume, wanawake na watoto ulikwenda Nairobi ukiongozwa na Muindi Mbingu, ukakaa huko wiki nyingi kudai haki. Lakini mtu aliye tayari kumtetea ng'ombe wake akiwa hai mara nyingi huiacha ngozi yake iharibike baada ya kuchinjwa. Hasara hiyo huonekana wazi katika kazi ndogo ya mikono kama vile kutengeneza mshipi wa suruali.

Mshipi unaosifiwa hapa ni ule ambao bizimu yake huweza kuondolewa na kutiwa nyingine. Faida yake ni kubwa. Mwenye mshipi mmoja hutia bizimu ya chuma kwa siku za kazi, na ya shaba inayong'aa kwa siku ya sherehe. Ngozi ikichakaa, bizimu haitupwi, bali hutiwa katika ukanda mpya. Fundi naye hupata mnunuzi yule yule mara mbili.

Kwanza fundi huchagua ngozi iliyokwisha kutiwa dawa, yenye unene wa milimita 3 hadi 4. Ukanda hukatwa kwa urefu wa mgongo wa mnyama, kwa maana hapo ngozi ni ngumu na imeshikamana. Ngozi ya tumbo ni laini na hunyumbuka. Mshipi uliokatwa hapo hurefuka na kupinda upande. Upana unaofaa ni sentimita 4, na bizimu zote zitakazotumika lazima ziwe na nafasi ya upana huo huo ndani yake. Fundi asiyelijali jambo hili atakuwa na bizimu nyingi na mshipi usiokubali hata moja.

Pili ni kipimo. Kiuno hupimwa mahali mshipi unapopita juu ya nguo. Kwa mtu mwenye kiuno cha sentimita 90 na bizimu yenye urefu wa sentimita 5, tundu la kati huwekwa sentimita 85 kutoka penye kunjo. Huongezwa sentimita 8 za kukunja nyuma ya bizimu, na sentimita 15 za ncha. Jumla ni sentimita 108. Matundu huwa matano, mawili kila upande wa lile la kati, na kati ya tundu na tundu ni sentimita 2 na nusu. Kwa hiyo bizimu nyingine ikizidi kidogo kwa urefu, mvaaji husogea tundu moja tu.

Tatu ni kunjo lenyewe. Ngozi ya sehemu hiyo hupunguzwa unene kwa kisu kikali upande wa ndani, ili ikunjike bila kupasuka. Katikati ya kunjo hukatwa mwanya mrefu wa kupitishia ulimi wa bizimu. Katika mshipi wa kawaida, fundi angetwaa msharasi na uzi akashona kunjo daima. Katika mshipi huu hutoboa matundu mawili yanayoelekeana tabaka zote mbili, akafunga kwa parafujo fupi zenye vichwa pande mbili, au kwa vifungo vya kubonyeza. Kitanzi cha kushikia ncha huwekwa kati ya vifungo hivyo viwili. Mwisho, kingo hulainishwa kwa maji kidogo na kusuguliwa kwa kitambaa, kisha hupakwa nta ya nyuki, kitu ambacho Ukambani hakikosekani kwa wafugaji wa nyuki.

Hata bizimu si jambo geni katika nchi hiyo. Wahunzi wa Kikamba walijulikana tangu zamani kwa mikufu yao myembamba ya shaba, na mkono unaoweza kuunganisha pete ndogo namna ile hauwezi kushindwa na bizimu.

Hata hivyo, ustadi wa fundi hauwezi kuponya ngozi iliyoharibiwa nyumbani. Kisu kilichoteleza wakati wa kuchuna huacha alama itakayokatika siku moja. Chapa ya moto iliyopigwa ubavuni au mgongoni huondoa sehemu iliyo bora. Kupe huacha makovu, na ngozi iliyotandazwa chini juani huungua na kuwa kama ubao. Dawa yake ni rahisi: kuogesha ng'ombe, kupiga chapa shingoni au mguuni chini, kuchuna kwa uangalifu, na kuwamba ngozi katika fremu ya miti kivulini penye upepo.

Serikali ya Kenya imeichagua Kenanie, katika kaunti hiyo hiyo ya Machakos, kuwa mahali pa viwanda vya ngozi. Viwanda hivyo, kama yule fundi mwenye msharasi wake, vitategemea kile kitakachotoka bomani. Mfugaji anayeichunga ngozi tangu ng'ombe angali hai ndiye fundi wa kwanza wa mshipi.